Kualisha mgongo mwenyewe au kwenda kwa mtaalamu: mwongozo kwa migongo ya Goma

Ukisimama Kituku asubuhi, muda ambao watu wanateka maji ziwani, utauona mchezo wenyewe. Kijana anatua bidoni, anashika kiuno, anajipinda kushoto kwa nguvu, mgongo unaalika ko! ko! ko!, anajipinda kulia, kisha anabeba bidoni nyingine. Motari wa Birere anafanya hivyohivyo akiwa amekaa juu ya pikipiki, na karani wa Himbi anafanya kwenye kiti cha ofisi. Wengine wanasema kualisha mgongo, wengine kuuvunja. Wote wanataka ule mlio, na wengi wanaamini kwamba mlio ukitoka, mfupa umerudi mahali pake.

Haukurudi popote, kwa sababu haukuwa umetoka. Kujinyoosha mpaka mgongo ukalia wenyewe hakuna shida kwa mtu mwenye afya. Kuutafuta mlio kwa nguvu, mara kumi kwa siku, ndiko kunakoleta maudhi. Shingo ina sheria zake peke yake, na iko migongo ambayo haitakiwi kuguswa na mtu yeyote kabla daktari hajaiona.

Mlio unatoka wapi

Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua ambazo zimeshikana na mbavu, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na 4 ndogo za kifandugu. Kwa nyuma, pingili zinazocheza zinashikana na jirani zao kwa viungo viwili vidogo, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ndani ya kila kiungo mna ute unaofanana na ute wa yai bichi. Nyuso za kiungo zikiachanishwa ghafla, mgandamizo wa ndani unashuka, gesi iliyokuwa imeyeyuka kwenye ute inafungua uwazi, na mlio unatoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI wakati kidole kinavutwa hadi kinaalika, wakauona uwazi huo ukitokea papo hapo na mlio. Maelezo yaliyotawala tangu 1971 yalikuwa kinyume: kwamba mlio ni povu linalopasuka.

Gesi hiyo inahitaji kama dakika 20 ili iyeyuke tena. Ndiyo maana kiungo kilichokwisha kulia hakilii tena mara moja hata ukikilazimisha. Mtu asiyejua hilo anaongeza nguvu, na hapo ndipo anapojivuta msuli.

Nafuu unayoipata ni ya kweli, lakini ni fupi. Kiungo kimevutwa, misuli inayokizunguka imelegea kidogo, ubongo umepokea habari mpya kutoka mahali palipokuwa pamekakamaa. Baada ya nusu saa au saa moja misuli inarudi ilivyokuwa, kwa sababu kilichoikaza (mzigo, kiti, barabara ya mawe) bado kipo. Tena, ukijipinda mwili mzima, mwendo unakimbilia kiungo ambacho tayari kinacheza vizuri, na kile kilichokakamaa kinabaki vilevile. Basi unaalisha palepale kila siku, na panapouma hapaguswi.

Kuhusu hofu kwamba kualisha kunaleta ugonjwa wa viungo uzeeni: daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, kisha akalinganisha mikono miwili na kukuta hakuna tofauti. Alipewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2009. Mtu mmoja na vidole vyake si ushahidi wa kutosha, lakini mpaka leo hakuna uthibitisho kwamba mlio wenyewe unakula kiungo.

Migongo isiyoguswa

Kabla ya zoezi lolote lililo hapa chini, pitia orodha hii. Ukijikuta humo, usijialishe, usikandwe, usipelekwe kwa muunga mifupa, nenda hospitali.

Leo hii, bila kusubiri kesho:
- mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au haja kubwa haizuiliki;
- ganzi kati ya mapaja, mahali panapogusa tandiko ukipanda pikipiki;
- miguu yote miwili imelegea, au unyayo unaburuta na kidole gumba cha mguu hakiinuki;
- umeanguka na pikipiki, umedondoka toka juu, au umegongwa, hata kama unatembea.

Tatu za kwanza zinaweza kumaanisha kwamba fungu la neva chini ya uti wa mgongo linabanwa. Hapo saa zinahesabika: likikaa limebanwa, mkojo na nguvu za miguu vinaweza visirudi tena.

Wiki hii: maumivu yanayokuamsha usiku na hayapungui ukilala, homa, kutoka jasho usiku na kukonda, uliwahi kuwa na kansa, unatumia prednisolone kwa miezi, una zaidi ya miaka 50 na mgongo haujawahi kukusumbua kabla, mtoto anayelalamika mgongo kila siku.

Katika eneo letu magonjwa mawili yanastahili kutajwa kwa jina. La kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kinaweza kuja bila kikohozi: maumivu ya miezi, homa ndogo za jioni, kukonda, halafu kinundu kinachojitokeza katikati ya mgongo. Pingili inaliwa polepole, na mtu akiisukuma kwa nguvu ili “airudishe”, inaweza kuvunjika na kubana neva zilizo ndani ya uti wa mgongo. Dawa yake ni vidonge vya kifua kikuu kwa miezi mingi. La pili ni bruseloza, inayotoka kwa ng'ombe na mbuzi, hasa kwa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa: homa inayokuja na kuondoka, jasho, maumivu ya kiuno na nyonga. Kipimo cha damu ndicho kinachoanzia, na mlio hauna kazi hapo.

Maumivu ya ubavuni chini ya mbavu pamoja na homa na mkojo unaochoma ni ya figo. Huko nako hakuna cha kualisha.

Kama hayo yote hayakuhusu, mgongo wako uko katika kundi la wengi: maumivu ya kawaida ya misuli, viungo na diski (mito laini iliyo kati ya pingili). Mengi hutulia ndani ya wiki chache.

Jinsi ya kuulegeza mgongo mwenyewe

Kwanza saa. Usijipinde wala kuinama sana ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya kuamka. Usiku diski zinanyonya maji na kuvimba. Asubuhi mtu anakuwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja au mbili. Diski iliyojaa inapata mkazo mkubwa zaidi ukiinama. Anayeamka saa kumi na moja na kuinamia bidoni papo hapo anachagua saa mbaya kuliko zote. Tembea uani kwanza, washa jiko, ndipo uanze.

Mgongo wa juu, kwenye kiti. Tafuta kiti cha mbao chenye mgongo mfupi, unaoishia chini kidogo ya mifupa ya mabega. Kaa matako yafike mwisho wa kiti. Shika mikono nyuma ya shingo, vidole vimesokotana, viwiko vielekee mbele. Mikono inabeba kichwa, haikivuti. Vuta pumzi. Ukiitoa, egama nyuma juu ya ukingo wa kiti polepole, sekunde 2 au 3, ukitazama dari, kisha rudi. Fanya mara 8 hadi 10. Ili ubadilishe mahali panaponyooka, kunja kitenge mara kadhaa ukikalie: ukipanda sentimita 4, ukingo unashika pingili za chini zaidi. Ukisikia mlio, sawa. Usipousikia, kazi imefanyika vilevile. Kosa la kawaida hapa ni kukunjua kiuno badala ya kifua; utalijua kwa sababu mbavu za mbele zinachomoza na tumbo linasukumwa mbele. Kaza tumbo kidogo, nyayo zikae chini.

Mgongo wa juu, sakafuni. Viringisha vitenge viwili au taulo nene kuwa mche wa unene wa sentimita 8 hadi 10 na urefu wa sentimita 40. Ulaze kwa upana juu ya mkeka, kisha lala juu yake ukiwa umekunja magoti, mche ukiwa chini ya mifupa ya mabega, mikono nyuma ya kichwa. Pumua mara 5 au 6 polepole, acha uzito ushuke. Inua matako, jisogeze kama sentimita 3, rudia. Sehemu tatu au nne zinatosha. Mpaka wake ni ubavu wa mwisho. Usiupeleke mche kiunoni: kifua kinashikiliwa na mbavu pande zote, kiuno hakina kitu cha kukizuia, nacho kitakunjika kupita kiasi.

Kiuno. Hapa ndipo watu wanapojiumiza zaidi, na sababu iko kwenye umbo la viungo vyenyewe. Viungo vidogo vya kiuno vimesimama kama kuta mbili zinazoelekea mbele na nyuma. Vinaruhusu kuinama na kuinuka, lakini vinazuia kujizungusha. Kila pingili ya kiuno inazunguka kama digrii moja au mbili tu. Yule anayeshika mgongo wa kiti na kujipinda kwa kishindo, mlio wake mara nyingi unatoka kifuani, wakati diski za kiuno zinakamuliwa bure kama nguo inayosokotwa.

Fanya hivi badala yake. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo pamoja. Acha magoti yaangukie kulia, mabega yote mawili yakibaki sakafuni, toa pumzi, sekunde 2, rudi, kushoto. Mara 10 kila upande, ukianza na mwendo mdogo na kuuongeza taratibu. Usilivute goti kwa mkono, wala mtu asikukandamize bega na nyonga. Kisha piga magoti kama mtu anayedeki, viganja chini ya mabega: pindisha mgongo juu kama paka aliyekasirika, kisha uache ushuke, mizunguko 6 hadi 8 bila kulazimisha mwisho wa mwendo.

Kama maumivu yanashuka tako na paja (siatiki, kama wengi wanavyoiita), jaribu zoezi moja zaidi. Lala kifudifudi, viganja kando ya mabega, nyoosha mikono uinue kifua huku nyonga ikibaki chini. Mara 10, kila baada ya saa mbili au tatu, kwa siku mbili. Ni mtindo unaotokana na Robin McKenzie, mtaalamu wa viungo wa New Zealand. Unachotazama ni mahali maumivu yanapokimbilia. Yakitoka mguuni na kupanda kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo, endelea. Yakishuka kwenda chini ya goti, acha zoezi hilo siku hiyohiyo.

Kila siku tembea dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu, mahali tambarare kama papo. Kulala kitandani siku nzima kunarefusha maumivu. Wazee wetu walikuwa wanapewa wiki mbili za kitanda, na wengi walitoka humo wakiwa dhaifu kuliko walivyoingia.

Maumivu ya ghafla yakipungua, ongeza nguvu. Katika ile hali ya kupiga magoti, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde 8 hadi 10, badilisha. Mara 6 kila upande, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki tatu au nne wengi wanagundua kwamba ile hamu ya kualisha imepungua yenyewe. Msuli uliochoka ndio uliokuwa unaomba.

Mambo ya kuacha kabisa

Kumsimamisha mtoto mgongoni ukiwa umelala kifudifudi. Mtoto wa miaka minne ana kama kilo 16, na kisigino chake kinaweka uzito huo wote mahali padogo. Ubavu unaweza kupata ufa, na mtu mzima mwenye mifupa dhaifu anaweza kuvunjika pingili.

Kukumbatiwa toka nyuma, kunyanyuliwa na kutikiswa, kama vijana wanavyofanyiana kwenye ukumbi wa mazoezi. Anayenyanyua hajui uzito wake unaingilia wapi, na anayenyanyuliwa amelegea, hawezi kujizuia.

Na shingo. Usiizungushe kwa kishindo mwenyewe, na usimwachie kinyozi anayemalizia kunyoa kwa kukushika kidevu na kukugeuza kichwa. Ateri mbili zinapanda kwenda ubongoni zikipita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na zinapokaribia fuvu zinapinda kona kali. Kichwa kikigeuzwa ghafla, utando wa ndani wa ateri unaweza kuchanika, damu ikaganda, bonge likapanda: kiharusi, hata kwa mtu wa miaka 30. Hutokea kwa nadra, lakini faida ya mlio wa shingo ni ndogo mno kulipia hatari hiyo. Maumivu mapya makali ya shingo au kisogo, kizunguzungu, kuona viwili viwili, ulimi mzito au mdomo kwenda upande baada ya kuzungushwa shingo: hospitali, mara moja. Shingo iliyokaza inatosheka na kugeuza kichwa polepole kulia na kushoto mara 10, na kurudisha kidevu nyuma kana kwamba unajitengenezea kidevu cha pili.

Mtaalamu wa kualisha ni nani

Kiropraktiki, tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono, ilianza Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, pale Daniel David Palmer aliposukuma pingili za mfanyakazi wa usafi, Harvey Lillard, na kudai amemrudishia usikivu. Palmer aliamini magonjwa karibu yote yanatokana na pingili zilizohama. Nadharia hiyo haikusimama. Kilichosimama ni kidogo lakini kina faida: msukumo wa haraka na mfupi kwenye kiungo unaweza kupunguza maumivu ya kiuno kwa kiasi, karibu sawa na mazoezi na tiba nyingine za mikono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, linaiweka tiba hiyo miongoni mwa zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu na kukandwa. Mwongozo huohuo unakataa mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine, na dawa za jamii ya morfini. Ule mkanda mpana wa velkro unaouzwa sokoni, basi, bakisha pesa yako.

Shirika hilohilo liliandika mwaka 2005 kwamba tabibu wa kiropraktiki asomee saa zisizopungua 4,200, miaka minne ya muda wote, na 1,000 kati ya hizo ziwe mbele ya wagonjwa chini ya msimamizi. Afrika Kusini wanasomea katika vyuo vikuu viwili, cha Johannesburg na cha teknolojia cha Durban. Mkaaji wa Lubumbashi anayeshuka huko kwa matibabu anaweza kumpata mwenye cheti bila kuhangaika. Kwa mtu wa Goma njia ni ndefu, na saa za basi zenyewe zinaweza kuuharibu mgongo kuliko ulivyokuwa. Tunayemshauri kwanza ni kine, yaani mtaalamu wa kinezi (tiba ya mazoezi na mikono), ambaye utamuulizia kwenye hospitali kubwa za mji. HEAL Africa na CBCA Ndosho, kwa mfano, zinajulikana kwa kazi ya mifupa na majeruhi. Kine mzuri anajua kusukuma kiungo pia. Tofauti yake na tabibu wa kiropraktiki ni kwamba kwake msukumo ni sehemu ndogo ya kazi, na utatoka na mazoezi mkononi.

Muunga mifupa wa mtaani ana ujuzi wa mikono, hilo hatulidharau, na kwa kukanda msuli wengine ni hodari. Lakini hana radiografi (picha ya eksirei), hapimi neva, na hawezi kutofautisha pingili yenye kifua kikuu na pingili iliyochoka.

Ziara ya kwanza iende hivi. Dakika 20 au zaidi za maswali na vipimo kabla ya mkono wa nguvu: maumivu yalianza lini, yanashuka wapi, mkojo, homa, dawa unazotumia, mimba. Kisha atakugonga chini ya goti na kwenye kano ya kisigino, atainua mguu wako ukiwa umelala na umeunyoosha, atakuambia usimame kwa visigino na kwa vidole, atapima ganzi. Ndipo akulaze ubavu, akunje mguu wa juu, ashike bega na nyonga, achukue mwendo hadi mwisho, na asukume mara moja, haraka na kwa umbali mfupi. Una haki ya kusema hapana wakati wowote. Usipoalika, asirudie mara sita. Utafiti umeonyesha kwamba hata kwa mabingwa mlio mara nyingi unatoka kiungo cha jirani, na matokeo hayategemei mlio.

Karibu nusu ya wanaosukumwa wanasikia uchovu au maumivu madogo siku hiyo na kesho yake. Hiyo ni kawaida. Ganzi mpya au mguu kulegea si kawaida.

Mkimbie anayekugusa shingo kabla hajauliza swali, anayekuuzia ziara 30 za kulipa mapema, anayesema ataponya pumu, presha au ugumba kwa kunyoosha mgongo, na anayekutisha kwa picha. Jaribio la haki ni ziara 4 hadi 6 ndani ya wiki tatu au nne. Kama huinami vizuri zaidi, hulali vizuri zaidi, wala hubebi vizuri zaidi, acha. Kuendelea ni kumlipia mwenzako kodi ya nyumba.

Neno kuhusu radiografi

Watu wengi wanaanzia hapo na kutoka na karatasi inayosema “arthrose” (viungo kuchakaa) au “erni” (diski iliyotokeza), kisha wanaogopa kuinama maisha yao yote. Uchunguzi mkubwa wa picha za watu wasioumwa kabisa ulikuta dalili za diski kuchakaa kwa 37% ya wenye miaka 20 na 96% ya wenye miaka 80. Ni kama mvi za ndani. Bila dalili zile za hatari, picha ndani ya wiki sita za kwanza haibadilishi matibabu. Pesa yake inalipia ziara za kine.

Dawa: ibuprofen 400 mg pamoja na chakula, hadi mara tatu kwa siku, isizidi siku 5 bila ushauri. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, presha isiyotulia au mimba asiiguse kabla ya kumwona daktari. Epuka sindano za dexamethasone za famasi. Zinatuliza haraka, na zikirudiwarudiwa zinadhoofisha mifupa ileile unayotaka kuiponya.

Kinachourudisha ugonjwa

Unaweza kualishwa na bingwa Jumatatu, Jumanne ukabeba vilevile, na Jumatano ukarudi mwanzo. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 za maji na kama kilo moja ya plastiki. Ukiinyanyua mkono ukiwa mbali na mwili, kiuno kinabeba mara nyingi ya uzito huo, kwa sababu misuli ya mgongo iko karibu mno na pingili na inavuta kwa nyenzo fupi. Isogeze kati ya miguu, kunja magoti na nyonga, ibane kwenye mwili, ndipo usimame. Kugeuka, geuka kwa miguu. Bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, zinauma kidogo kuliko moja ya 20 upande mmoja, ingawa kisimani unalipia uleule ujazo.

Mama anayebeba makaa kwa kamba ya kipaji cha uso anainama mbele safari nzima. Tatizo lake kubwa ni kuinuka na mzigo akiwa ameketi chini. Auweke mzigo juu ya ukuta mdogo au jiwe la kimo cha kiuno, na mtu amsaidie kuuanzisha. Kwa mwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) anayeshuka toka Kibumba, goti moja likiwa kwenye ubao na mguu mmoja ukisukuma, abadilishe mguu kila kilima. Anayesukuma kwa mguu uleule miaka mingi anapata nyonga moja iliyokaza, nayo inavuta kiuno. Motari ashuke kila dakika 45, atembee hatua hamsini, aegame nyuma mikono kiunoni mara 5. Barabara zetu nyingine zimepita juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, na kutikiswa kwa saa nyingi ukiwa umekaa ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na maumivu ya kiuno. Aangalie pia upepo wa matairi na shokomzoba za nyuma. Zikifa, mgongo ndio unaochukua kazi yake.

Wiki sita zikipita na hali haijabadilika, nenda kwa daktari na karatasi moja, si na hadithi ndefu. Andika: tarehe yalipoanza, yanapoanzia na yanapoishia mguuni, uchore mtu na uweke wino, saa yanapozidi, asubuhi au jioni, kinachoyaongeza na kinachoyapunguza, mazoezi uliyofanya na kwa siku ngapi, majina ya dawa na kipimo, nani amekusukuma mgongo, mara ngapi, na ulijisikiaje kesho yake.